Siku Nilipong'oa Brauza ya Mwalimu

Mimi ni mtu wa wivu. Nasema mapema ili asiyependa habari za wivu afunge ukurasa akalime. Sipekui mifuko ya suruali wala sinusi mashati. Mashati ya mume wangu nayashona mwenyewe, nayajua mpaka pindo. Wivu wangu unaanzia pale nisipojua. Nikijua jambo, hata likiwa baya, natulia. Nisipojua naanza kujaza mwenyewe, na ninavyojaza mimi, hata adui yangu angeniambia punguza kidogo.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Biharamulo, ndani ndani, unashuka barabara kuu halafu unatafuta bodaboda. Mimi ni fundi cherehani Ngara mjini, kwenye baraza la nyumba ya kupanga karibu na soko. Tuliishi hivyo miaka minne. Kila baada ya wiki mbili alikuja Ijumaa jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, na Jumapili baada ya chakula cha mchana akageuza. Mama mkwe, ambaye anakaa Murusagamba na huja kwetu kila magoti yanapomzidi, alikuwa na swali moja tu la Ijumaa: "Mwarimu amefika?" Akiambiwa bado, anageukia ukutani. Watoto wetu wawili walikuwa wamefika mahali pa kumpokea baba yao kama mgeni: wanachukua begi, wanaleta maji ya kunawa, wanakaa mbali kidogo. Yule mdogo aliwahi kumwambia "karibu tena" siku anaondoka. Mume wangu alicheka mbele yake. Njiani kwenda stendi aligeuka nyuma mara tatu.

Kwa hiyo uhamisho kwetu haukuwa jambo la kazi tu. Tulikuwa tunausubiri wote, mpaka bibi na magoti yake.

Asiyejua mambo ya walimu nimweleze. Njia fupi ya kuhama ni kubadilishana. Unamtafuta mwalimu aliyeko kule unakotaka kwenda, ambaye naye anataka kuja hapo ulipo. Mnakubaliana, kila mmoja anajaza maombi yake kwenye mfumo wa watumishi kabla dirisha la maombi, yaani muda uliowekwa, halijafungwa, wakubwa wa huku na wa kule wakiridhia, mnapishana: yeye anachukua kituo chako na wewe unachukua chake. Ugumu ni kumpata huyo mtu. Na akipatikana hatangazwi. Ukimtaja kwenye chumba cha walimu, kesho mwenzako ameshampigia simu na kumwambia njoo kwangu, kituo changu kiko karibu zaidi na lami, na wewe umebaki unatoa macho. Nimewasikia watu walionyang'anywa hivyo wakisimulia, na wanasimulia kama mtu aliyenyang'anywa mchumba.

Ijumaa moja mume wangu aliingia, hajavua hata viatu, akasema, "Mama, nimempata."

"Nani?"

"Mwalimu wa Kirushya. Kwao ni Biharamulo. Mama yake mzazi yuko peke yake kule na macho yanamwishia. Anataka kuja hata kesho."

Kirushya ni hapa hapa, unakwenda asubuhi na jioni unalala kwako. Nilipiga kigelegele, mama mkwe akainuka kitini bila kushikwa, watoto wakaruka bila kujua wanarukia nini. Nilikuwa na furaha ya kweli kwa muda wa kama dakika kumi. Kisha nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu wa kiume au wa kike?"

"Ni mama mmoja," akasema, akainama kufungua kamba za viatu.

Hapo ndipo ilipoanza. Kwa nini ainame? Viatu vina kamba, najua, na kamba hufunguliwa kwa kuinama. Nilijua hivyo hata wakati ule, na haikunisaidia.

Simu ya mume wangu ilikuwa imepasuka kioo, nusu ya chini haishiki kidole, kwa hiyo mazungumzo yake yote alikuwa ameyaunganisha na kompyuta yake ya mkononi, anayokuja nayo Ngara kila mara, anaandikia huko. Kompyuta ile ilikuwa na brauza mbili, yaani vivinjari, vile vya kuingilia mtandaoni. Moja aliiweka yeye, ya rangi rangi, na hiyo ndiyo waliyoitumia walimu wenzake walipoazima kompyuta kuingiza alama za wanafunzi. Nyingine ilikuja nayo kutoka dukani, ya buluu, na hakuna aliyeigusa. Mimi nilisoma uhazili mwaka mmoja kabla sijashika mkasi, kompyuta hainitishi, na hata mimi sikuwahi kuifungua. Ilikaa pale chini ya skrini mwaka hadi mwaka.

Basi yule mama wa Kirushya alikaa kwenye ile ya buluu. Maombi ya uhamisho mume wangu aliyafungulia humo, na mazungumzo yao yakawa humo. Nilipomuuliza kwa nini huko, akanijibu, "Wenzangu hawaifungui. Sitaki wamwone." Jibu zuri kabisa, na la kweli, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Lakini mwambie mke kwamba kuna mwanamke umemweka mahali ambapo watu hawafungui, halafu mwambie alale.

Hakunificha mimi. Aliniambia soma ukitaka, na mimi nikasema sitaki, nina sare za shule za kushona, halafu alipokwenda kuoga nikasoma.

Hakukuwa na neno la mapenzi hata moja. Kulikuwa na nyumba. Wanaobadilishana vituo aghalabu hubadilishana na nyumba, kwa hiyo walikuwa wanaulizana. Maji yanatoka wapi? Mume wangu amemweleza kisima, na njia ya mkato, na saa ambayo foleni huwa fupi. Paa linavuja? Linavuja upande wa mlango, mwalimu, mimi kitanda nimekisogeza mpaka chini ya dirisha, na wewe ukikiacha hapo utakuwa salama. Halafu mama huyo akauliza, Jumapili unakuwaje huko peke yako? Na mume wangu, mtu ambaye kwangu anajibu "salama" kwa kila kitu, alikuwa ameandika mistari saba. Kwamba Jumapili asizokuja Ngara anafua asubuhi, kisha anakaa mlangoni amewasha redio bila kuisikiliza. Kwamba jioni anakula kiporo cha mchana, maana kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja kunamtia huzuni. Kwamba aliwahi kulala na malaria siku tatu, mwalimu mwenzake wa nyumba ya jirani akamletea uji, na hakuniambia kwa sababu alijua ningefunga cherehani na kupanda gari.

Nilisoma hiyo ya malaria mara nne. Mimi ndiye mke. Nilikuwa nimekwenda kule mara moja tu katika miaka minne, siku mbili, na wakati huo kitanda kilikuwa kando ya mlango. Na huyu mama, ambaye hawajaonana hata kwa bahati mbaya, amepewa kisima, kitanda na malaria, kwa sababu tu aliuliza. Niliona wivu. Picha yake ilikuwa ua jekundu, hakuna uso. Uso niliuweka mwenyewe, na niliuweka mzuri.

Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Jumanne. Ijumaa ile ya mwisho mume wangu alikuja na mpango umekamilika: fomu ameshaijaza yote, barua zimo, kimebaki kitufe cha kutuma. "Kesho naenda Kirushya nikaione nyumba na kituo, nionane na mwalimu mkuu," akasema. "Jumapili natuma. Twende wote, mama. Utaona mahali nitakapokuwa nafanyia kazi."

Angalieni jinsi mtu anavyojifungia mlango mwenyewe. Ningekwenda, ningemwona yule mama, ningekunywa chai yake, mambo yakaisha. Lakini kiburi kilinishika nikasema, "Nenda tu. Mimi nina sare kumi na mbili." Nilitaka anibembeleze. Hakunibembeleza, kwa sababu miaka yote nikisema nina kazi huwa kweli nina kazi.

Jumamosi asubuhi alivaa shati la kijivu nililomshonea kwa Pasaka. La Pasaka! Akapanda bodaboda, akashika bega la dereva, wakateremka mlima. Nilikaa kwenye cherehani. Mshono wa kwanza ukaenda upogo, nikaufumua. Wa pili ukaenda upogo. Saa nne nilikuwa nimeharibu sketi mbili, na ndani ya kichwa changu mume wangu alikuwa ameshafika Kirushya, amekaribishwa kiti cha kamba, na mwenye uso mzuri anamwekea sukari bila kumuuliza vijiko vingapi, kwa sababu huenda hilo nalo alishaandikiwa.

Nikainuka, nikachukua kompyuta juu ya kabati, nikavuka barabara.

Upande wa pili kuna steshenari ya jirani yetu, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa na waya, anayechapa barua za watu na kutengeneza kompyuta zao. Nilimwamkia, nikaweka kompyuta mezani, nikamwonyesha ile alama ya buluu.

"Fundi, nataka hii itoke."

"Inakusumbua nini?"

"Inafanya kompyuta iwe nzito." Sijui niliutoa wapi uongo huo, ulikuja wenyewe umeshavaa nguo.

Akafungua orodha ya programu. Kila programu mbele yake ilikuwa na neno la kuiondoa, limekolea, ukiligusa linafanya kazi. Mbele ya ile ya buluu neno hilo lilikuwa limepauka. Akaligusa mara mbili, kimya.

"Hii haitoki, mama. Imekuja na kompyuta. Waliotengeneza hawataki itolewe. Tunachoweza ni kuificha: tunaitoa hapa chini, tunaiweka ile nyingine ndiyo ifungue kila kitu. Hutaiona tena."

"Sitaki ifichwe," nikasema. "Imeshafichwa vya kutosha. Nataka itoke."

Alinitazama juu ya miwani. Watu wa Ngara hawaulizi sana, lakini wanajua kutazama. Akavuta daftari kubwa lenye jalada gumu, daftari analoandikia maarifa yake yote, akapekua mpaka ukurasa aliotaka. Akafungua lile dirisha jeusi ambalo mafundi huandika amri humo. Alitafuta folda ya brauza ile, ndani yake folda yenye jina la namba tupu, ndani yake nyingine, anasoma daftarini na kuchapa kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Mimi nilisimama nyuma yake nikifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi. Kila herufi niliiona inamsogeza yule mama hatua moja nje ya nyumba yangu.

"Ikitoka hii, nyaraka za pidiefu hazitakuwa na wa kuzifungua. Nitakuwekea kifaa kingine."

"Weka."

Kikatokea kiboksi kidogo cha Kiingereza katikati ya skrini. Fundi akaacha kuchapa.

"Inauliza kama una uhakika. Na hapa chini kuna kiboksi cha tiki, inauliza, je, na data zilizotunzwa humo zifutwe? Historia, maneno ya siri, kila kitu." Akageuka. "Mama, humu mwalimu hana maneno yake ya siri?"

Hapa nataka kusema taratibu. Nilikuwa nimeuona ukurasa wa mfumo wa watumishi umefunguliwa humo. Nilikuwa nimeziona zile nukta nyeusi kwenye nafasi ya neno la siri, zimejijaza zenyewe. Nilijua. Lakini nilijiambia kwamba mwalimu ni mtu wa kukariri, anajua majina ya wanafunzi mia na themanini, atashindwaje kujua neno lake la siri? Na nilijiambia tukiacha data, yule mama atabaki humo humo kama panya kwenye dari, hatumwoni lakini yupo.

"Hana," nikasema. "Hii haitumii kabisa."

"Tiki?"

"Weka tiki."

"Hasira hasara, mama," akasema, ingawa sikuwa nimemwambia nina hasira. Akaweka tiki, akabonyeza. Ile alama ya buluu ikatoweka chini ya skrini, na nyingine zikasogea kuziba pengo. Haikuchukua muda wa kutunga uzi kwenye sindano.

Nilivuka barabara nikiwa mwepesi. Nilishona sketi tatu bila kukosea.

Mume wangu alirudi alasiri na mkungu mkubwa wa ndizi kwenye bodaboda. "Mwalimu amekuletea," akasema. "Anakusalimu sana. Amesema siku nyingine usikose, amekushonesha... yaani anataka umshonee sare ya kwaya." Alikuwa na furaha mpaka maneno yanagongana. Nyumba ni nzuri, paa halivuji, kuna migomba kumi na minne nyuma ya jiko, na mwalimu mkuu ni mtu wa watu. Nilizimenya ndizi zile nikamwuliza, "Na yeye je?"

"Yeye nani?"

"Huyo mwalimu."

Akafikiri kweli kweli. "Mtu mzuri," akasema. "Anaongea sana."

Jumapili tulitoka misani, tukala ndizi zile kwa maharage, mama mkwe akaomba nyongeza. Mume wangu akafuta meza kwa kiganja, akaweka kompyuta, akawaita watoto waje waone baba anavyobonyeza kitufe cha kurudi nyumbani. Wakasimama mmoja kila upande. Mimi nilikuwa naosha sufuria uani, mlango uko wazi.

"Mama! Ile ya buluu iko wapi?"

"Fundi aliitoa," nikasema bila kugeuka. "Ilikuwa inafanya kompyuta nzito."

"Nani alimwambia aitoe?"

"Mimi."

"Ungeniuliza, mama," akasema, hakuongeza sauti. Akafungua ile ya rangi rangi, akaandika anwani ya mfumo, akaweka namba yake ya utumishi. Kisha mikono yake ikasimama juu ya vitufe.

Hakulijua neno la siri. Hakuna aliyelijua. Siku alipojisajili upya, ile brauza ya buluu ndiyo iliyompendekezea neno, herufi na namba na alama zisizosomeka, akakubali, nayo ikalitunza. Aliomba kubadilisha, wakasema kiungo kimetumwa kwenye barua pepe yake. Barua pepe hiyo nayo ilifunguliwa na brauza ile ile, na namba ya simu iliyoandikishwa nayo ilikuwa ya laini aliyoipoteza kwenye basi zamani. Alijaribu jina la mtoto wa kwanza. Alijaribu jina langu na mwaka tuliofunga ndoa. Nilimwona kutoka uani akiliandika jina langu, likakataliwa.

Nilikimbia mpaka kwa fundi, nyumbani kwake nyuma ya soko. Alikuwa anakula. Alinisikiliza, akanawa mkono, akasema kile kilichowekewa tiki kimekwenda. "Nilikuuliza," akasema. Nikamwomba radhi kwa kumkatiza chakula.

Niliporudi, mume wangu alikuwa amempigia mtu anayefahamiana naye kule wilayani. Mwenye uwezo wa kumfungulia akaunti upya alikuwa amekwenda kuzika mzazi wake, mbali, hadi Ijumaa. Dirisha lilikuwa linafungwa Jumanne. Watoto walikuwa bado wamesimama kila upande wa kiti. Mkubwa akauliza, "Baba, tayari?"

Kisha akampigia yule mama. Aliweka sauti ya nje kwa sababu vidole vilikuwa bado vinajaribu jaribu kwenye kompyuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia. Sauti ya kawaida, nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kupiga kelele darasani. Mume wangu akamweleza kwamba kompyuta imepata hitilafu. Ndivyo alivyosema, hitilafu, na mimi nimesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Halafu sauti ile ikasema, polepole, "Sasa mwalimu, mama yangu itakuwaje? Juzi ameungua mkono, alikuwa anapapasa sufuria." Akaanza kulia, kilio cha mtu anayejizuia.

"Usilie, mwalimu," mume wangu akasema. Akafunga macho. Nilimwona anafikiri, na nikamwona anamaliza kufikiri. "Nina jirani kule shuleni kwangu, nyumba ya pili. Yule niliyekwambia aliniletea uji. Naye kwao ni Ngara, anatafuta mtu siku nyingi, sijawahi kumwambia habari zako. Akaunti yake iko sawa. Nampigia sasa hivi. Leo mnajaza, kesho mnatuma."

"Na wewe?"

"Mimi nitasubiri dirisha lingine. Haifai mama yako akose kwa sababu yangu."

Alimpigia jirani yake hapo hapo. Nilisikia mtu mzima akishukuru mpaka sauti inakatika. Mume wangu akafunga kompyuta, akawaambia watoto waende wakacheze. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, na katika kujitetea pengine ukweli ungenitoka. Nilimfungia chakula cha njiani, nikamsindikiza stendi. Gari lilipoondoka, nikiwa bado nimeinua mkono, ndipo nilipopiga hesabu. Watu wanaobadilishana hupishana. Wangebadilishana yeye na yule mama, wasingekaa wilaya moja maisha yao yote. Mmoja angetoka ili mwingine aingie. Sasa anayetoka ni jirani. Na yule mama anakwenda shule ile ile, nyumba ya pili.

Nilishusha mkono. Nilirudi nyumbani nikalala na nguo, nikamwambia mama mkwe ni kichwa.

Ikawa hivyo. Barua zao zilitoka. Yule jirani akahamia Kirushya. Nakutana naye sokoni Jumamosi ameshika mkono wa mkewe, ananisalimu kwa heshima inayonichoma. Mume wangu aliendelea kuja kila baada ya wiki mbili. Dirisha lilifunguliwa tena, akaunti yake ilikuwa imeshafunguliwa zamani, lakini mtu wa kubadilishana naye hakuna. Kila alipokuja nilimuuliza habari za shule, na katika habari za shule yule mama hakukosa kuwemo. Ameanzisha bustani ya mboga. Amemchukua mama yake anakaa naye. Jumapili nyingine walinipikia, mama, nikala huko huko. Aliyasema kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Mwishowe nilifunga cherehani, nikawaacha watoto kwa bibi yao, nikaenda. Nilimkuta mume wangu kasimama barabarani na baiskeli, anacheka, hakuwa ameamini kwamba nitakuja. Kabla sijaweka mzigo chini, jirani yake mpya akatokea amebeba maharage kwenye hotipoti. Ni wa umri wangu. Uso wake haukuwa ule niliomwekea. Ulikuwa wa kawaida, una kovu dogo kidevuni, mzuri kidogo kuliko nilivyotaka.

"Karibu, dada yangu. Hatimaye! Mwalimu kila siku anakutaja wewe."

Alinipeleka kwake nikamwamkie mama yake, bibi kizee aliyekaa kwenye mkeka, mkono mmoja una kovu jeupe la moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu nani?"

"Ndiye mke wa mwalimu," binti yake akasema.

Bibi akaunyoosha mkono wake hewani mpaka akaupata wangu, akaushika kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, mwanangu," akasema. "Mmetuachia nafasi yenu. Si kila mke angekubali."

Niliitikia amina. Ningeweza kusema wakati ule, mlango ulikuwa wazi, mume wangu hakuwepo. Nilisema amina, nikamwambia maharage ni matamu, na kweli yalikuwa matamu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa naondoka. Mume wangu aliniacha nikifunga mzigo, bodaboda ingekuja saa mbili. Alitoka na madaftari kwapani, na mlango wa pili ukafunguka, yule mama akatoka na yake. Hawakusubiriana wala hawakuitana. Walitoka tu kwa wakati mmoja, kama watu wanavyotoka kwenda kazini. Akamwambia jambo fulani kuhusu darasa la tatu. Mume wangu akacheka kwa sauti, kicheko ambacho Ngara huwa kinafika Jumapili, saa anapoondoka. Walishika njia ile nyembamba katikati ya mahindi, yeye mbele, yule mama nyuma, wanaongea bila kugeuka, na niliendelea kusikia wanavyoongea hata baada ya mahindi kuwafunika.